Uzi: Tarantula tisa kwenye bedsita ya Kasarani, na sita wengine njiani. Niwapange vipi?

MiguuMinane, Jumapili usiku

Wadau, hamjambo. Nimesoma humu kimya kimya kwa muda mrefu. Leo nimejitokeza kwa sababu jambo limenizidi kichwa kimoja.

Nafuga tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya. Nilianza na mmoja miaka minne iliyopita, sasa ninao tisa, na mwezi ujao nimeahidiwa vitoto sita. Naishi bedsita Kasarani, ghorofa ya tatu, chumba ambacho ukifungua mlango umeona kitanda, jiko na dirisha kwa mpigo mmoja. Rafu yangu moja imejaa. Sitaki kuwaweka hawa sita popote tu halafu nianze kuwazika mmoja mmoja.

Nilio nao: Tliltocatl albopilosus watatu, wale wa Amerika ya Kati wenye manyoya yaliyojisokota. Brachypelma hamorii mmoja, wa Meksiko, mwenye magoti mekundu. Grammostola pulchripes mmoja kutoka Amerika Kusini, mpole kuliko wote. Caribena versicolor mmoja wa kisiwa cha Martinique, anayeishi mitini. Pterinochilus murinus wawili, na Pelinobius muticus mmoja, ambao ni wa kwetu Afrika. Hawa sita wanaokuja ni vitoto vya murinus.

Wote tisa wamezaliwa mikononi mwa watu, hakuna hata mmoja aliyechimbuliwa porini. Niliwapata kwa mwalimu wangu wa zamani aliyekuwa akiwafuga kwa kibali, nami nikaomba changu kabla sijambeba wa kwanza. Nasema mapema ili tusipoteze muda hapo.

Makao yao kwa sasa ni mikebe ya plastiki ya soko la Kamukunji, ile myeupe unayoona ndani, yenye vifuniko vya kubana kwa vishikio. Natoboa matundu kwa chuma cha solda pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite, siyo kwenye kifuniko peke yake. Chini naweka kokopiti, yaani maganda ya nazi yaliyosagwa, iliyochanganywa na udongo. Kila mmoja ana kisahani cha maji na kipande cha gome la mti cha kujifichia. Wale wa ardhini nawajazia udongo mwingi hadi nafasi kutoka udongoni hadi kifunikoni isizidi mara moja na nusu ya upana wa miguu yao. Tarantula mnene akianguka kutoka juu, tumbo hupasuka. Nimeliona jambo hilo kwa mwenzangu mara moja na sitaki kuliona tena.

Maswali yangu: rafu ya pili niiweke ukuta gani? Julai hii nifanyeje na baridi bila kuchoma stima yote ya ploti? Na je, kwa chumba kama changu, kumi na tano si wengi mno?

---

Olkejuado_Boy

Mazee, mbona upate taabu ya makaratasi? Huku kwetu Kajiado wako mashimoni. Mvua ikinyesha unawaona madume wakitembea barabarani usiku. Njoo na jembe tu.

---

KaratasiKwanza

Ndugu yangu wa Kajiado, tafadhali usimshauri mtu hivyo, na wewe mwenyewe usifanye. Nakuambia kwa upendo.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haisemi wanyamapori ni simba na ndovu peke yao. Mnyama yeyote wa porini wa asili ya hapa yumo, hata mdudu. Wengi walikuwa hawaamini mpaka kesi ya siafu wakubwa wa Naivasha. Mnaikumbuka? Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa na siafu kama 5,000 kwenye vijichupa vyenye pamba. Kando yao, katika kesi ya pili, kulikuwa na Mkenya na raia wa Vietnam waliokutwa na kama 400. Wengi wa wale siafu walikuwa aina ya Messor cephalotes, wanaotafutwa sana na wafugaji wa Ulaya na Asia. Mei 2025, mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA iliwatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha miezi 12. Siafu, jamani. Sasa mtu akikukuta na Pelinobius sita kwenye mikebe ya siagi utasema nini?

Hata ukiweka sheria pembeni, mtazame mnyama mwenyewe. Yule Pelinobius, ambaye Karsch alimwelezea kisayansi mwaka 1885, anapatikana huku kwetu Afrika Mashariki. Jike lake hukua polepole mno, miaka na miaka, na hukaa shimo moja karibu maisha yake yote. Ukimchimbua jike mmoja aliyekomaa hujachukua buibui mmoja, umechukua mama wa bonde zima. Jirani zetu Tanzania walizuia kusafirisha wanyama hai wa porini nje ya nchi mwaka 2016, na bado murinus wa rangi ya chungwa wa Usambara amejaa kwenye mikebe ya dunia nzima. Amejaa kwa sababu anazaa vizuri mikebeni, hakuna haja ya jembe.

MiguuMinane, umefanya vyema kuanza na kibali. Ongeza jambo moja: Brachypelma wote wako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo karatasi ya yule hamorii usiiache droo ya nguo. Piga picha, na nakala moja mpe mtu mwingine akuwekee.

---

Olkejuado_Boy

Nimeelewa. Sikujua habari ya siafu. Basi nitakuwa nawatazama tu, na nitamwambia mdogo wangu aache kumwaga maji moto kwenye yale mashimo.

---

KaratasiKwanza

Hapo umetufaa kuliko kibali chochote. Na ukimwona dume barabarani usiku, mpungie gari lipunguze mwendo.

---

MamaNyenje

Mimi nafuga nyenje huku Ruai, nauzia wenye kuku na wenye samaki, na siku hizi wenye buibui pia wameongezeka. Nizungumzie chakula kidogo, maana mtu anahesabu mikebe anasahau matumbo.

Tarantula mkubwa nyenje mmoja au wawili kwa wiki wanamtosha kabisa. Wengine hukaa mwezi bila kula na hawana shida. Kwa hiyo kumi na tano hawatakufilisi. Shida ni vitoto. Vitoto vinataka vinyenje vidogo mno, na mara nyingi unawapa kipande cha nyenje aliyekwisha kufa, kwa sababu aliye hai anaweza kuwashinda nguvu. Kipimo changu ni hiki: chakula kisizidi ukubwa wa tumbo la anayekula.

Usilishe mende wa jikoni. Ploti zote za Nairobi zinapulizwa dawa, na yule mende aliyepita kwenye dawa bila kufa ndiye atakayemuua buibui wako. Panzi wa uwanjani ni hivyo hivyo. Mwaka 2020 nzige walipotua Kitui na Isiolo, kuna mteja aliniambia ameletewa gunia zima la bure. Nilimwambia atupe. Wale walikuwa wakinyunyiziwa kutoka angani.

Hata nyenje wangu nawachagulia sukumawiki. Ile ya sokoni naiosha mara tatu na kuiloweka, au nachuma ya kwangu nyuma ya nyumba. Anachokula nyenje leo, kesho kimo ndani ya buibui.

Na mkishalisha, nyenje asipoliwa kufikia kesho yake, mtoe. Nitarudia: mtoeni. Buibui akiwa anajivua gamba ni laini kama ugali wa uji, na nyenje mwenye njaa humtafuna akiwa hai. Nimeletewa picha ya jambo hilo na mteja aliyekuwa analia.

Usifuge nyenje ndani ya bedsita. Madume huimba usiku kucha na majirani watakushtaki kwa mwenye ploti kabla hata hawajajua una buibui.

---

Wanja_K

Mimi ni jirani tu wa mada hii, nina mtoto wa miaka mitano. Samahani kama swali ni la kitoto: akiumwa na mmoja wa hao, anakufa?

---

NesiWaZamu

Wanja, si swali la kitoto. Hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kwamba kimeletwa na sumu ya tarantula. Lakini kutokufa si sawa na kutoumia, na hapa wafugaji wengi hulegeza ulimi.

Wale wa Amerika wana sumu nyepesi kwa kawaida, ila wana silaha nyingine: manyoya ya tumboni wanayoyapangusa kwa miguu ya nyuma yakaruka hewani. Yakigusa ngozi yanawasha. Yakiingia jichoni yanaweza kuchoma mboni na kuleta uvimbe wa muda mrefu, na huwezi kuyatoa kwa kusugua. Kusugua ndiko kunakoyazamisha. Mtu akiyapata jichoni aoshe kwa maji mengi safi, kisha aende kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Wale wa Afrika na Asia hawana hayo manyoya. Wamebaki na meno na mbio. Murinus akiuma, maumivu ni makali mara moja, palipoumwa panavimba, na misuli inaweza kukakamaa kwa siku kadhaa. Kwa mtoto mdogo, mzee, au mwenye shida ya moyo, hilo si jambo la kukaa nalo nyumbani. Mpeleke hospitali, na utaje jina la buibui. Mtu akifika na kusema "nimeumwa na kitu" anatuchelewesha.

MiguuMinane, andika jina la kila mmoja kwenye mkebe wake kwa herufi kubwa. Ukizimia wewe, mwokozi wako asome.

Na kufuli. Si kishikio cha plastiki tu. Mtoto wa miaka mitano anafungua kishikio.

---

MviTa_Mjini

Assalamu alaykum kutoka Mombasa. Sina tarantula ila nimeipenda mada. Bibi yetu hakuturuhusu kumuua buibui ndani ya nyumba hata siku moja. Alikuwa akitusimulia pango la Thawr alimojificha Mtume, na utando uliofumwa mlangoni, maadui wakafika wakaona hakuna aliyeingia. Nikisoma mtu wa Nairobi anamhesabia buibui nafasi ya kuanguka, bibi ananijia mbele ya macho. Mungu akubariki.

---

MiguuMinane

Waalaykum salaam. Ahsante sana kwa hilo. Mama yangu alipomwona wa kwanza alisema nimeingia uchawi. Nitampa kisa hiki cha bibi yako.

Kufuli nimenunua leo. Majina naandika leo usiku.

---

ZeeLaLimuru

Nimefuga huku Limuru tangu vijana wengi humu hamjaenda shule. Baridi ya kwetu mnaijua. Acheni niseme ya Julai, nitakuwa mrefu.

Kwanza, usiogope baridi yenyewe sana. Nairobi iko juu, kama mita 1,700, na Julai usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 12 nje. Ndani ya bedsita iliyofungwa madirisha utapata 16 au 17. Tarantula mkubwa mwenye afya huvumilia hapo. Atatulia, atakula kidogo, atakaa shimoni. Mwache. Usimlazimishe chakula, kwa sababu tumbo lililopoa husaga polepole.

Kinachoua Julai ni baridi ikishikana na unyevu. Watu hufunga madirisha, wakamwagilia mkebe kama bustani kwa sababu wamesoma mtandaoni kwamba buibui wa msituni anataka unyevu. Hewa haipiti, ukungu mweupe unaota, na buibui anaanza kupanda ukutani kutafuta mahali pakavu. Ukiona wa ardhini anang'ang'ania kioo siku tatu mfululizo, anakuambia sakafu yake imeharibika. Julai mimi namimina maji kwenye kisahani tu, na kona moja ya udongo kidogo. Basi. Sponji usiweke kwenye kisahani, linaoza.

Pili, usipashe mkebe, pasha kabati. Zile blanketi za umeme za kuweka chini ya mkebe ni mtego. Buibui wa shimoni akiona joto limezidi hufanya alichofundishwa na jua la savana: anachimba kwenda chini kutafuta ubaridi. Chini ndiko moto uliko. Atachimba hadi aungue.

Mimi nina friji iliyokufa. Nimetoa mashine, nikatoboa matundu juu na chini, nikaweka rafu za waya. Ukuta wa friji unashika joto vizuri sana. Jioni naweka chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kwa matambara, rafu ya chini kabisa mahali pasipo na mkebe, na kipimajoto katikati. Stima ikipotea siku mbili sijali. Mafundi wa friji huziuza hizo mbovu kwa bei ya chuma. Na kwa chumba chako, friji ikisimama wima inabeba mikebe kumi na miwili bila kukula nafasi.

Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, haliwi jibu kamwe. Hewa yake itakuua wewe, halafu wao.

Tatu, ukuta gani. Usiweke ukuta wa dirisha la magharibi. Mkebe wa plastiki kwenye jua la saa tisa ni oveni, hata Julai. Weka ukuta wa ndani, mbali na jiko la gesi, na mbali na spika. Wanasikia kwa miguu. Jirani yangu wa zamani alikuwa akipiga muziki, na jike langu la Pelinobius likawa linasugua miguu na kutoa ule mlio wa hasira kila Ijumaa.

Udongo: ukichukua wa shambani, uwe wa shamba unalolijua halikupigwa dawa, kisha uukaange kwenye sufuria kuukuu hadi utoe mvuke wote. Unaua utitiri na mayai ya nzi. Yule Pelinobius mpe kina. Miguu yake ya nyuma minene imepinda kwa ajili ya kazi ya kuchimba. Ukimnyima kina, atakuwa mkali na mnyonge kwa pamoja.

---

MiguuMinane

Mzee, shikamoo. Pelinobius ana sentimita 35 za udongo kwenye pipa dogo. Ameziba mdomo wa shimo wiki tatu sasa. Nisubiri tu?

---

ZeeLaLimuru

Marahaba. Subiri. Kizibo chake ni mlango wake. Anaweza kukaa miezi. Ukimchimbua kumwangalia utamvunjia nyumba huenda akiwa anajivua gamba.

---

Umoja_Ghorofa4

Nimesita kuandika, lakini ukuta ukiujua, jua na wa jirani.

Mwaka jana nilikuwa na tarantula saba. Ploti yetu ikaingiwa na kunguni. Msimamizi alileta wapulizaji bila kutuambia siku. Mimi nilikuwa kazini Industrial Area. Hawakuingia kwangu, walipuliza nyumba ya jirani, lakini bafu zetu zina tundu moja la hewa. Niliporudi jioni harufu ilikuwa bado iko. Murinus alikuwa anatembea kama mlevi, miguu inatetemeka, anajikwaa kwenye utando wake mwenyewe. Wawili wengine miguu ilikuwa imejikunja chini ya mwili. Kwa asiyejua: tarantula hunyoosha miguu kwa kusukuma maji ya mwili, hana misuli ya kuinyoosha. Nguvu ikiisha, miguu hujikunja kama ngumi. Niliwapoteza watatu usiku ule.

Nchi yetu ndiyo iliyokuwa ikiongoza dunia kwa pareto. Babu yangu alikuwa akichuma maua hayo Molo. Dawa nyingi za kupuliza, na koili za mbu, zina pareto au ndugu zake wa kiwandani. Haimdhuru mtu sana, ndiyo maana tunaipenda. Buibui inammaliza.

Sasa nafanya hivi. Nimezungumza na msimamizi ana kwa ana, nikampa namba, ananipigia siku mbili kabla. Nina kreti moja tayari, yenye visanduku vidogo na karatasi laini iliyoloweshwa kidogo. Kila buibui chake. Nikipigiwa, wote wanaingia kreti na tunapanda matatu kwenda kwa dada yangu Kayole, tunakaa siku nne. Usiwasafirishe ndani ya mikebe yao yenye udongo na mawe, vitu vinawaangukia. Tundu la bafu nimeliwekea plasta. Koili ya mbu sichomi, nalala kwenye neti.

Tarantula kumi na tano unaweza kuwabeba kwa mkono mmoja wakati wa hatari? Hicho ndicho kipimo changu cha idadi siku hizi.

---

MamaNyenje

Pole sana. Sikujua habari ya tundu la bafu. Nimeenda kuangalia la kwangu sasa hivi.

---

Githurai_45

Naongezea ya mafuriko. Aprili 2024 maji yaliingia kwetu saa nane usiku. Waliokuwa rafu ya chini niliwaokota wakielea, mikebe ilishikilia kwa bahati. MiguuMinane uko ghorofa ya tatu, hilo halikuhusu, ila wa chini wasikie: rafu ya kwanza ianze juu ya goti.

Na siafu. Mvua ikianza huingia kwa mstari na buibui shimoni hana pa kukimbilia. Miguu ya rafu iko ndani ya mikebe yenye maji na sabuni kidogo, kama mama zetu walivyokuwa wakifanya na kabati la sukari.

---

MiguuMinane, Alhamisi, saa nne usiku

Jamani, msaada wa haraka. Nimerudi, hamorii amelala chali. Miguu iko juu. Hatingishiki. Nilisoma ya Umoja_Ghorofa4 sasa mikono inatetemeka. Ploti haijapulizwa ninavyojua. Nimgeuze?

---

NesiWaZamu

USIMGUSE.

---

ZeeLaLimuru

Anajivua. Anayekufa hulala kifudifudi, miguu imekunjwa chini yake. Anayejivua hulala chali. Umeona utando mweupe chini yake kama mkeka? Ni kitanda alichojitandikia. Zima taa, ondoka hapo. Kuna nyenje ndani?

---

MiguuMinane

Hakuna. Nilimtoa Jumatatu baada ya kusoma ya MamaNyenje. Mkeka upo.

---

ZeeLaLimuru

Basi lala. Kesho utakuta wawili, mmoja mtupu.

---

MiguuMinane, Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri

Ametoka. Rangi yake sijawahi kuiona, magoti yanawaka kama makaa. Meno ni meupe kabisa. Nimekaa sakafuni nusu saa namtazama, chai imepoa.

Alianza kukataa chakula tangu Mei nikadhani ni baridi.

---

ZeeLaLimuru

Meno yakiwa meupe hawezi kung'ata hata mkate. Yatakuwa mekundu, kisha meusi. Ndipo umlishe, wiki mbili hivi. Maji yawepo.

Na lile gamba usilitupe. Liloweshe kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, ulikunjue polepole kwa kijiti cha meno, utazame ndani ya ngozi ya tumbo, kati ya jozi ya juu ya mapafu. Jike ana mfuko mdogo wa kuhifadhia mbegu, kama ulimi mfupi unaosimama. Kioo cha kukuzia cha fundi wa saa kinatosha. Uandike tarehe. Jike wa hamorii anaweza kuishi miaka 20 na zaidi, kwa hiyo unaandikia hata mtu atakayempokea kwako. Dume akishakomaa, muda wake huwa mfupi, huhesabika kwa miezi.

---

MiguuMinane, Jumapili

Nimekaa na gamba na kioo tangu asubuhi. Ulimi upo. Ni jike. Nimeandika kwenye daftari: amejivua, Kasarani, usiku wa Alhamisi.

Sasa uamuzi wangu, maana mmenisaidia mno na hamstahili kuachwa hewani.

Nimepata friji mbovu kwa fundi wa hapa Mwiki. Itakaa ukuta wa ndani kati ya kabati na mlango. Hao tisa wanatoshea, na nafasi tatu zinabaki. Kreti nimenunua, nikajaribu kuipanga kwa visanduku. Visanduku kumi na viwili vinaingia vizuri na ninaweza kuibeba ngazini kwa mkono mmoja, mwingine umeshika ukuta. Cha kumi na tatu kinanilazimu nitumie mikono miwili.

Kwa hiyo nimempigia mwalimu, nikamwambia nitachukua vitoto vitatu, si sita. Alinyamaza kidogo, kisha akasema atawatunza hao wengine mpaka apatikane mwenye kibali na mahali. KaratasiKwanza, kama unamjua mtu wa namna hiyo, niandikie kando.

Tundu la bafu nimeliziba jana. Msimamizi nilimpelekea chai na nikamwonyesha pulchripes. Alirudi nyuma hatua tatu, halafu akaja karibu akauliza anakula nini. Namba yangu iko kwenye daftari lake.

---

MamaNyenje

Vinyenje vya vitoto watatu nitakuwekea kila Jumamosi. Njoo na chupa yako, yenye pamba mdomoni.

---

KaratasiKwanza

Ninaye mmoja, Ngong, anafundisha baiolojia shule ya upili na ana kibali cha darasa. Nakuandikia sasa. Atataka kujua vitoto vimejivua mara ngapi na vinakula nini. Andaa hayo kabla hajapiga simu.